Simu Imekuwa Nzito Baada ya Kusasishwa? Usiiuze Kwanza

Malalamiko ni yaleyale, uwe Ziba, Nkinga, Simbo au Puge, huku mkoani Tabora. Simu ilikuwa inakwenda vizuri. Siku moja ikaleta taarifa kwamba kuna sasisho jipya, mwenye nayo akakubali, na tangu hapo imekuwa nzito. WhatsApp inachukua muda kufunguka, kamera inaganda, unaandika neno zima ndipo herufi zinatokea, na chaji iliyokuwa inafika jioni sasa inakata saa nane mchana.

Ushauri wa haraka anaopewa mtu ni kununua nyingine. Kwa mkulima wa Igunga huo si ushauri mdogo. Simu mpya inalipwa na pamba, mpunga, choroko au mbuzi wa kupeleka mnadani, na msimu ni mmoja kwa mwaka. Nami naamini kwa moyo wote kwamba simu nyingi zinazosahauliwa kwenye droo, au kuuzwa kwa bei ya kutupa, bado zina miaka miwili mitatu ya kazi. Mara nyingi kilichochakaa ni betri, au kilichojaa ni hifadhi, au kuna kazi ambayo simu haikupewa nafasi ya kuimaliza. Yote hayo yana dawa. Anza na vidokezo vya mwanzo, maana havigharimu kitu.

1. Ipe siku tatu, na uichaji usiku ikiwa imewashwa

Baada ya sasisho kubwa la Android, simu huwa haijamaliza kazi hata kama imeshawaka na kukuonyesha picha yako ya mbele. Inabidi izipange upya programu zote ziendane na mfumo mpya, ipitie upya picha na mafaili, tena ipakue matoleo mapya ya programu ilizokuja nazo. Kazi hiyo inafanyika kimyakimya, na sehemu kubwa yake husubiri masharti mawili: simu iwe kwenye chaji, na iwe haitumiki.

Hapo ndipo wengi wetu tunapoponzwa. Anayechajisha dukani, simu yake hupangwa mezani pamoja na za wenzake, imezimwa ili ijae upesi, na kipande cha karatasi chenye jina lake kimebandikwa mgongoni. Jioni anaichukua imejaa, anaitumia mpaka inakata, kesho anairudisha. Simu ya namna hiyo haipati hata saa moja ya kuwa kwenye chaji, imewashwa, imetulia. Kazi ya sasisho inabaki kiporo wiki nzima, na mwenyewe anaamini sasisho limeiharibu simu. Mwombe mwenye duka aiache ikiwa imewashwa, hata kama itachelewa kujaa. Mwenye umeme nyumbani, iache kwenye chaji usiku kucha, siku mbili au tatu mfululizo. Simu nyingi hupona hapohapo. Ikifika siku ya nne bado nzito, endelea.

2. Jua ni nini hasa kilichobadilika

Fungua Mipangilio, kisha Kuhusu simu. Tazama toleo la Android na tarehe ya sasisho la usalama. Ukikuta tarehe ni ya miaka miwili au mitatu iliyopita, basi mfumo wa simu yako haujaguswa muda mrefu, na kinachokusumbua kiko kwingine. Simu nyingi za bei ya chini hupata masasisho machache ya mfumo, kisha yanakoma. Kinachoendelea kubadilika kila wiki ni programu: WhatsApp, Facebook, TikTok, Chrome. Hizo zinaandikwa kwa kuangalia simu zinazouzwa leo, na kila toleo linaongeza kitu ambacho simu ya mwaka 2018 inakibeba kwa shida.

Wakati mwingine kosa ni la programu moja tu. Machi 2021 Google ilitoa sasisho la WebView, kile kipande cha Android kinachozisaidia programu nyingine kuonyesha kurasa za intaneti. Programu zikawa zinafunguka na kujifunga zenyewe dunia nzima, Gmail ikiwemo. Simu za watu zilikuwa nzima. Google ikatoa toleo lililorekebishwa, watu wakasasisha WebView na Chrome, mambo yakatulia. Kwa hiyo programu ikianza vurugu ghafla, ingia Play Store uangalie kama toleo jipya zaidi limeshatoka, kabla hujafanya jambo jingine lolote.

3. Fungua nafasi, ukianzia WhatsApp

Kama ningeruhusiwa kidokezo kimoja tu, kingekuwa hiki. Chipu inayohifadhi vitu ndani ya simu haiwezi kuandika juu ya kitu cha zamani moja kwa moja. Lazima kwanza isafishe sehemu nzima ndipo iandike kipya. Hifadhi ikikaribia kujaa, simu inakosa pa kuhamishia vitu, na kila unachofanya, hata kutuma ujumbe mfupi, kinangoja usafi huo ufanyike. Sasisho la mfumo nalo linachukua nafasi yake. Simu ya GB 16 iliyokuwa inapumua kwa tabu kabla ya sasisho, baada yake inakabwa kabisa. Jitahidi sehemu moja kati ya saba ya hifadhi iwe wazi muda wote.

Na vitu vinajaa wapi? Kwenye magrupu. Grupu la kamati ya harusi, la msiba, la kwaya, la kikoba, la chama cha msingi cha pamba, la waliosoma pamoja. Kila moja linaleta video ileile ya mahubiri na picha ileile ya "asubuhi njema". Fungua mipangilio ya WhatsApp, nenda kwenye hifadhi na data, uzime upakuaji wa moja kwa moja wa picha, sauti, video na nyaraka. Kuanzia hapo utapakua unachokitaka wewe. Bando lako pia litakushukuru.

Kisha kwenye sehemu hiyohiyo ingia palipoandikwa kudhibiti hifadhi. WhatsApp itakupangia mafaili makubwa na yale yaliyosambazwa mara nyingi, na itakuonyesha kila grupu limekula kiasi gani. Futa kwa ukubwa, usihangaike na picha moja moja.

Kuna maficho mawili ambayo wengi hawayajui. La kwanza ni folda ya vilivyotumwa: ukituma video kutoka kwenye simu yako, WhatsApp huweza kubaki na nakala yake huko, ukawa na video moja mara mbili. La pili ni nakala rudufu za mazungumzo. Kwenye Android, WhatsApp huhifadhi ndani ya simu nakala za siku 7 zilizopita. Ukiwa na mazungumzo mengi, hizo pekee zinafika GB kadhaa. Tumia programu ya kusimamia mafaili, acha nakala ya karibuni, futa zile za siku za nyuma.

Picha za familia usizifute. Zihamishie kwenye memori kadi, au kwenye kompyuta ya mtu unayemwamini.

4. Punguza mzigo wa programu zilizokuja na simu

Wapagazi wa Kinyamwezi waliotoka Bagamoyo wakavuka Ugogo hadi Tabora, na wengine wakaendelea mpaka Ujiji, walikuwa na kipimo chao. Mzigo wa kawaida wa nguo au shanga ulikuwa kama frasila mbili, yaani kilo 30 na kitu kwa mtu mmoja, na juu ya hapo ni mabishano na kiongozi wa msafara. Simu yako haina mdomo wa kubishana. Ilipotoka dukani ilikuwa imeshabebeshwa programu ishirini za kampuni iliyoitengeneza, za Google na za washirika wao, na kila sasisho la programu hizo linaongeza uzito.

Programu za namna hiyo mara nyingi hazifutiki, lakini zinapunguzika. Ingia Mipangilio, kisha Programu, chagua usiyoitumia, na kwenye vidoti vitatu vya juu utaona pa kuondoa masasisho. Ukifanya hivyo inarudi kama ilivyokuwa siku simu inatoka kiwandani, ndogo na nyepesi. Kisha izime. Fanya hivyo kwa duka la pili la programu usilolifungua, michezo ya majaribio, programu ya habari inayokuletea matangazo usiku, na ile ya muziki unaoulipia bila kuusikiliza. Usiguse usizozielewa, hasa zenye neno mfumo, na iache salama programu yenyewe ya WebView.

Halafu ingia Play Store uzime masasisho ya kujiendesha. Utasasisha mwenyewe zile zenye maana kwako: WhatsApp, kivinjari, programu ya benki. Nyingine zisubiri.

5. Tumia matoleo mepesi

Facebook Lite ilianza mwaka 2015 kwa ajili ya simu ndogo na mtandao dhaifu, na mpaka leo ni msaada mkubwa. Opera Mini inabana kurasa kabla hazijafika kwako. Na usisahau kwamba kitu unachokitumia mara moja kwa wiki hakihitaji kuwa na programu yake kwenye simu. Kifungulie kwenye kivinjari, ukimaliza unafunga.

6. Ichunguze betri kabla hujailaumu simu

Desemba 2017 lilithibitika jambo ambalo watu walikuwa wakilisema kwa miaka wakionekana wanabahatisha. John Poole wa Primate Labs, waliotengeneza programu ya kupima kasi inayoitwa Geekbench, alionyesha kwamba simu za iPhone 6s na iPhone 7 za aina moja zilikuwa na kasi tofauti kulingana na toleo la mfumo zililolipokea. Siku chache baadaye Apple ikakiri: tangu iOS 10.2.1 ya Januari 2017, mfumo ulikuwa ukipunguza kasi ya iPhone zenye betri iliyochoka, ili zisizimike ghafla. Maelezo ya kitaalamu yalikuwa ya kweli. Betri ya lithiamu ikizeeka inashindwa kutoa nguvu nyingi kwa mpigo mmoja, na prosesa ikiidai nguvu hiyo simu inajizima ingawa inaonyesha asilimia 30. Kosa la Apple lilikuwa kutowaambia wateja. Waliokuwa na haki ya kujua kwamba betri ya dola chache ingewarudishia simu yao, walinunua simu mpya.

Gharama yake haikuwa ndogo. Apple ilishusha bei ya kubadilisha betri kutoka dola 79 hadi dola 29 kwa mwaka wote wa 2018, na kuanzia iOS 11.3 ikaweka sehemu ya kuonyesha afya ya betri. Italia iliitoza faini ya euro milioni 10 Oktoba 2018, na siku hiyohiyo ikaitoza Samsung euro milioni 5 kwa kuwasukuma wenye Galaxy Note 4 waweke mfumo ulioandaliwa kwa ajili ya Note 7. Ufaransa iliitoza Apple euro milioni 25 mwaka 2020, na huko Marekani Apple ikakubali kulipa hadi dola milioni 500 kumaliza kesi ya wateja.

Sasa rudi kwenye simu yako. Kama una iPhone, ingia sehemu ya betri uangalie afya yake. Apple husema betri za iPhone za kabla ya iPhone 15 zimeundwa kubaki na asilimia 80 ya uwezo baada ya kuchajiwa kikamilifu mara 500, na anayechaji kila siku anafika hapo ndani ya mwaka na nusu hivi. Kwa Android, soma dalili: chaji inaruka kutoka 40 hadi 15, simu inazima ukifungua kamera, au inakuwa nyepesi ikiwa kwenye chaji na nzito ukiichomoa. Dalili hiyo ya mwisho karibu haidanganyi. Badilisha betri kwanza.

Betri iliyovimba ni jambo jingine kabisa. Kifuniko cha nyuma kikianza kuinuka au kioo kikisukumwa, acha kuichaji leo hii, usiibonyeze, usiitoboe, iweke mbali na godoro na nguo, ipeleke kwa fundi.

7. Iepushe na jua, hasa unapochaji kwa sola

Simu ikipata joto inajipunguzia kasi kwa makusudi, ili isijiunguze. Apple inashauri iPhone itumike mahali penye nyuzi 0 hadi 35, na simu za kampuni nyingine haziko mbali na hapo. Septemba na Oktoba, kabla mvua hazijaanza, simu iliyo kwenye mfuko wa shati la dereva wa bodaboda kati ya Ziba na Choma iko juu ya kiwango hicho muda mrefu wa mchana.

Kinachouma zaidi ni kuiona simu imelazwa juani pembeni ya paneli kwa sababu waya ni mfupi. Jua linaloijaza linaiua palepale. Nunua waya mrefu, ipeleke simu kivulini, na usiunganishe paneli na simu moja kwa moja bila kidhibiti cha chaji. Ukiichaji, vua kava. Vumbi letu nalo liangalie: tundu la chaji likijaa, simu inachaji kwa kusitasita na inapata moto. Izime, kisha toa vumbi taratibu kwa kijiti cha meno. Sindano hapana.

8. Kijijini kwenye 4G ya kuja na kuondoka, chagua 3G

Simu inayohangaika kati ya 4G na 2G siku nzima inakula chaji, inapata joto, na kurasa hazifunguki. Kwenye mipangilio ya mtandao wa simu chagua aina ya mtandao uliotulia mahali ulipo. Ukifika Igunga mjini au Nzega, irudishe.

9. Izime na kuiwasha mara moja kwa wiki

Hakuna maelezo marefu. Inasaidia.

10. Punguza madoido

Fungua Kuhusu simu, bonyeza nambari ya muundo mara saba mfululizo, na simu itakwambia umekuwa msanidi programu. Katika sehemu mpya itakayofunguka tafuta mistari mitatu inayohusu uhuishaji, uishushe kila mmoja kutoka 1x hadi 0.5x au uizime. Madirisha yatafunguka mara moja bila kuteleza teleza. Prosesa yako haijaongezeka nguvu, ila umeacha kuipa kazi ya mapambo. Mistari mingine ya humo iache ilivyo.

11. Kimbia programu za "kusafisha" na "kuongeza kasi"

Android inajua kusimamia RAM yake, yaani kumbukumbu ya muda ya programu zilizofunguliwa. Programu ya kusafisha inazifunga programu zilizokuwa zimelala, zinafunguka tena dakika chache baadaye, na kufunguka huko ndiko kunakokula chaji. Juu ya hapo inakuletea matangazo. Februari 2020 Google iliondoa kwenye Play Store karibu programu 600 kwa sababu ya matangazo ya kusumbua, na za kampuni ya Cheetah Mobile, ambayo ilijulikana duniani kwa programu za kusafisha simu, zilikuwemo. Kama matangazo yanajitokeza hata hujafungua kitu, na bando linaisha usiku umelala, ingia kwenye orodha ya programu, futa zile usizokumbuka kuziweka, hasa zilizotumwa kwa WhatsApp au Xender badala ya kutoka Play Store.

12. RAM ya kuazima si RAM

Boksi likiandikwa GB 8 kwa maana ya 4+4, nne ni za kweli na nne zinaazimwa kutoka kwenye hifadhi, ambayo ni ya taratibu zaidi. Simu ikiwa na hifadhi kubwa iliyo wazi, mkopo huo unaweza kusaidia kidogo. Simu ya zamani iliyojaa, mkopo huo unaongeza taabu. Uzime kwenye Mipangilio uone tofauti.

13. Usiyakatae masasisho yote

Mtu akishaumwa na nyoka, ung'ongo unamshtua. Nawaelewa walioapa kutokubali sasisho lolote tena, lakini hapo nabishana nao. Mwaka 2015 uligunduliwa udhaifu ulioitwa Stagefright, ambao mhalifu angeweza kuutumia kuingia kwenye simu ya Android kwa kutuma ujumbe wa picha tu. Ni baada ya hapo Google ilianza kutoa masasisho ya usalama kila mwezi. Simu yako ina programu ya benki, ina namba za watu wanaokutumia fedha, ina picha ya kitambulisho cha NIDA. Masasisho ya usalama huwa madogo, na si hayo yanayoifanya simu iwe nzito. Yakubali.

Lile la kuhamia toleo jipya la Android ndilo la kutafakari. Kama simu ina RAM ya GB 2 na inafanya kazi zako zote, ngoja mwezi mmoja, uliza wenye simu kama yako wamekutwa na nini. Ukiamua kulichukua, toa kwanza namba za watu kwenye laini uzihifadhi kwenye akaunti ya Google, hamisha picha, acha GB kadhaa wazi, jaza chaji, na upakulie mahali penye waifai. Kupakua GB 2 kwa bando la siku ni kulipia hasara.

Kukataa daima kuna mwisho wake pia. WhatsApp haifanyi kazi tena kwenye Android iliyo chini ya 5.0, na tangu Mei 2025 kwa iPhone inataka iOS 15.1 au zaidi. Ndiyo maana iPhone 6, ambayo haivuki iOS 12, imebaki bila WhatsApp, wakati iPhone 6s bado ipo mchezoni.

14. Kufuta kila kitu na kuanza upya

Ukishafanya yote ya juu bila mafanikio, kuirudisha simu kwenye hali ya kiwandani kunaweza kuipa uhai. Lakini elewa mambo matatu.

Kwanza, haikurudishi kwenye Android ya zamani. Mfumo unabaki uleule mpya, unaoondoka ni uchafu uliokusanyika.

Pili, hakikisha unaijua anwani ya Gmail iliyo kwenye simu pamoja na nywila yake. Tangu Android 5.1 ya mwaka 2015, simu ikifutwa bila akaunti kuondolewa kwanza huweza kujifunga mpaka uingize akaunti ileile. Wengi walifunguliwa akaunti na kijana wa dukani siku walipoinunua, na hawajawahi kuiona nywila. Maliza suala hilo kabla hujagusa kitufe.

Tatu, fedha zako haziko ndani ya simu, ziko kwenye namba yako. Hata simu ikifutwa yote, utaweka laini na kupiga *150*00# kwa M-Pesa, *150*01# kwa Mixx by Yas iliyokuwa Tigo Pesa, *150*60# kwa Airtel Money au *150*88# kwa HaloPesa, na salio lako litakuwepo. Menyu hizo hazihitaji sasisho wala intaneti, na zinafanya kazi kwenye kitochi sawasawa na kwenye simu ya milioni mbili. Mazungumzo ya WhatsApp ndiyo yanayopotea kama hukuyatengenezea nakala kwenye Google.

15. Kwa fundi, nenda na IMEI yako mkononi

Kuna mafundi hodari sana kwenye senta zetu, vijana waliojifunza kwa macho na mikono, na wanastahili kulipwa vizuri. Mpe kazi iliyo wazi: badilisha betri, au safisha tundu la chaji. Mwombe akufungulie mbele yako na akurudishie betri ya zamani.

Akisema dawa ni kuiflashi, kuwa mwangalifu. Kuflashi ni kuweka mfumo mzima upya kwa kompyuta, na ukiwekwa mfumo usio wa simu hiyo inaweza kufa au kupoteza IMEI, namba ya utambulisho wa simu. Kabla hujaiacha, piga *#06# uandike namba zinazotokea. Ukiichukua, piga tena ulinganishe. Tanzania hili si dogo: usiku wa Juni 16, 2016 TCRA, mamlaka ya mawasiliano, ilizima simu bandia nchi nzima kwa kutumia namba hizo, na kubadilisha IMEI ya simu ni kosa la jinai. Ukitaka kuhakiki simu yoyote, tuma IMEI yake kwa ujumbe mfupi kwenda 15090, utajibiwa ni ya aina gani.

16. Ikishindikana, nunua kwa kuangalia mbele

Usinunue kwa idadi ya kamera. Kuanzia Android 13, Google inataka hata simu za Android Go, zile nyepesi kuliko zote, ziwe na RAM ya angalau GB 2, kwa hiyo ya GB 2 leo tayari iko ukingoni. Tafuta RAM ya kweli ya GB 4 na hifadhi ya GB 64 au zaidi. Kisha muulize muuzaji swali ambalo halijazoeleka bado: itapata masasisho mpaka mwaka gani? Google iliahidi miaka 7 kwa Pixel 8 ya mwaka 2023, Samsung ikaahidi hivyohivyo kwa Galaxy S24 ya mwaka 2024, na tangu Juni 20, 2025 Umoja wa Ulaya unazilazimisha kampuni kutoa masasisho kwa miaka 5 baada ya modeli kuacha kuuzwa huko. Simu ya mtumba ya daraja la juu iliyoanza safari miaka mitatu iliyopita inaweza kuishi kuliko mpya ya bei ya chini, mradi umebadilisha betri na 15090 imejibu vizuri.

Ya zamani usiitupe. Toa programu zote, acha redio, tochi, kengele ya kuwaamsha watoto wa shule na laini moja ya kupokelea fedha za biashara. Ukiamua kumpa bibi kijijini au mdogo wako anayeanza kidato cha kwanza, ingia kwenye Mipangilio, uiondoe akaunti yako ya Google wewe mwenyewe, ndipo uifute na kumkabidhi. Ukiiacha humo, siku watakapojaribu kuianza upya itawaomba nywila yako, na wewe utakuwa Dar es Salaam huikumbuki.